Ukumbi Uliosema Mara Tatu

Msibani kwa Mama Kulwa nilihesabu viti mara mbili, kwa mazoea tu, vikatimia mia mbili na kumi. Waliosimama sikuwahesabu kwa sababu mtu aliyesimama hatulii. Tulikuwa tumempeleka kumzika kwao, nje kidogo ya Masumbwe, na baada ya misa akasimama bwana mmoja mwenye suti, sijui nani alimpa maiki, akasema marehemu atakumbukwa kwa kutafsiri filamu katika ukumbi wa sinema pale Shinyanga mjini, "ukumbi uliokarabatiwa na wahisani." Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Masanja, ambaye siku hizi ana kitambi na wajukuu wawili, alikuwa anakagua viatu vyake. Wahisani. Nilitaka kuinuka nimwulize bwana yule walikuwa wangapi na walikula wapi, maana waliokarabati ule ukumbi niliwapikia kwa miezi saba na najua idadi yao. Lakini msiba si gulio. Nikameza. Niliyoyameza siku ile ndiyo haya.

Habari za nilikozaliwa na nani alimzaa nani nitaziruka. Hazikubeba hata ndoo moja ya saruji. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mchana nauza mitumba sokoni Shinyanga, jioni nakata tiketi katika banda la video nyuma ya stendi. Banda lilikuwa la mabati pande zote, mabenchi kumi na manne, televisheni moja yenye mgongo mrefu, na kando ya televisheni kigoda cha Mama Kulwa. Yeye ndiye aliyekuwa banda. Filamu zilikuja kwa Kihindi, Kichina na Kiingereza, na Mama Kulwa hakujua hata lugha moja kati ya hizo, alijua watu. Alitazama midomo ikicheza, akashika maiki, akasema kwa Kiswahili kile ambacho mtu wa namna ile, katika shida ya namna ile, lazima angekisema. Kiswahili kikimwishia alimalizia kwa Kisukuma, na hapo ndipo watu walipocheka zaidi. Jambazi wa Kichina alimwuliza mwenzake bei ya mahindi. Bibi harusi wa Kihindi alilia kwa sababu mahari ilikuja pungufu ya ng'ombe wawili. Kuna watu walirudia filamu moja mara nne, na hawakuwa wajinga, kwa sababu haikuwa filamu ile ile.

Kisha wenye kupanua barabara wakaja na rangi nyekundu, wakaweka alama ya X kwenye mabati yetu. Tulipewa mpaka mwisho wa mwaka kuhama. Tulikaa kikao humo humo bandani, nikahesabu wanachama wa banda thelathini na saba, nikarudia nikapata thelathini na wanane. Mara ya kwanza sikumhesabu Mama Kulwa kwa sababu alikuwa amesimama mbele yangu. "Msiponipatia pa kukaa na hii maiki," alisema, "nitarudi Masumbwe nikalime karanga. Karanga hazicheki." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mwisho. Kila mmoja wetu alielewa kwamba tukikosa pa kwenda hatutapoteza mabati na mabenchi, hayo tungeyapata popote, tutampoteza yeye.

Katikati ya mji palikuwa na ukumbi wa sinema wa zamani ambao hakuna aliyeuita hivyo tena. Watu waliuita ghala, kwa kuwa kwa miaka mingi ulihifadhi pamba. Mwenye mali alikuwa Mzee Jamal, muuza vitambaa, ambaye baba yake ndiye aliyeujenga. Nilimfuata dukani kwake, nikamwamkia, akaitikia bila kuacha kupima khanga za mteja. Nyuma ya pazia la duka nilisikia mtu anamalizia soda yake na kusema, "Mzee, mimi nipo tayari hata kesho, magodoro yangu yananyeshewa." Basi nikajua sipo peke yangu kwenye foleni. Nilizungumza kwa saa moja na nusu. Mwishoni Mzee Jamal akakohoa kidogo, kama alivyokohoa kila alipofikia uamuzi, akasema, "Sikilizeni. Nakwenda Mwanza kwa mwanangu nikatibiwe macho. Utengenezeni. Nikirudi nikakuta sinema, nitawaandikia mkataba wa miaka kumi. Nikikuta kitu kingine, yupo muuza magodoro." Nikamwuliza sinema kwake ni nini. "Anayeketi nyuma kabisa asikie kila neno," akajibu. "Baba alikuwa anasema hivyo." Nilidhani ni sharti jepesi. Nimenunua vitu vingi maishani kwa sababu ya kudhani hivyo.

Ndani kulikuwa na giza la mchana, lile ambalo macho hulizoea lakini pua hailizoei. Popo niliwahesabu nikashindwa mara zote mbili. Paa lilikuwa na matundu arobaini na moja. Sakafu iliteremka taratibu kuelekea jukwaani, jambo lililotupendeza sana, na kuta tatu, toka magotini mpaka karibu na dari, zilikuwa zimefunikwa magunia ya katani yaliyotuna, yamepigiliwa misumari kwenye fito, meusi kwa vumbi. Tulipopasua moja likamwaga pamba kuukuu na kinyesi cha panya. Tukasema hawa watu wa ghala walikuwa wachafu kweli. Hakuna kati yetu, thelathini na wanane, aliyejiuliza kwa nini mtu wa ghala apigilie pamba yake ukutani.

Kazi tuliifanya kwa namna tuliyoijua. Masanja alichaguliwa kuwa nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana wa kazi, kama kule vijijini watu wanapokwenda kulimiana mashamba. Aliyechelewa alitozwa faini ya madumu manne ya maji. Aliyetega kabisa alileta kuku. Na kwa kuwa Msukuma hawezi kushika jembe bila kutaka kumshinda mtu, tuligawanyika timu mbili, upande wa kulia na upande wa kushoto, kila moja na ukuta wake, ngoma moja katikati, na nyimbo za kusutana. Ukiwa nje ungedhani ni harusi. Upande wa kulia waliimba kwamba wa kushoto wanabandua magunia kama wanambembeleza mgonjwa; wa kushoto wakajibu kwamba wa kulia wana haraka kwa sababu wana kuhara. Magunia mia moja na arobaini yaliyodumu ukutani tangu enzi za baba yake Mzee Jamal yaling'oka kwa siku mbili. Ukuta wa nyuma waliugombania nusu kwa nusu.

Nami nikaongeza langu. Palikuwa na mzee mmoja mfyatua matofali nje ya mji ambaye tanuru lake lilihitaji kitu cha kuwashia. Nilimpelekea magunia yote na pamba yake, nikarudi na matofali mia sita, nikajiona bingwa. Katika uchochoro tuliopikia, nikiwa nachagua dagaa nyuma ya ukuta, niliwasikia wanawake wawili wakinizungumza. "Huyu Milembe atakuja kubadilisha hata mume wake kwa ndoo ya chokaa." "Ampate kwanza." "Ah, atampata. Atamkuta kwenye fungu la mitumba, atasema huyu ana kitundu, nipunguzie." Nilikohoa, wakanyamaza, kisha tukacheka wote watatu, nikawaongezea michembe. Nakumbuka harufu ya viazi vile vikavu vikichemka na karanga, mvuke ukipanda juu ya ukuta mpya. Nilikuwa na raha ambayo, nikiipima leo, naona haikuwa na msingi.

Maana kuta tulizipiga lipu. Fundi wetu alikuwa mwashi wa makaburi, mtu wa kazi safi, naye aliisugua lipu ile kwa sementi kavu mpaka ikang'aa. Timu zilishindana kwa hilo pia: ukuta upi ni laini zaidi. Masanja alikuwa anapitisha shavu lake ukutani kama jaji. Miezi saba ilipotimia paa lilikuwa zima, viti mia mbili na sita vimepangwa, vingine vya kanisa, vingine vya baa iliyofungwa, pazia jeupe limenyooshwa, projekta imekaa kwenye chumba chake cha juu. Tukamwandikia Mzee Jamal arudi aone.

Alikuja siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, miwani mipya usoni. Wote tulisimama kando ya kuta kama shule inayosubiri mkaguzi. Alitembea taratibu hadi katikati ya ukumbi, akazungusha kichwa, akapiga kofi moja. Pa. Ukuta wa kulia ukasema pa. Wa kushoto ukasema pa. Na baada ya muda ambao ungetosha kusonya, wa nyuma nao ukatoa lake, pa, kama mtoto wa mwisho.

"Magunia yangu yako wapi?" akauliza.

Ukumbi ulirudia swali kwa niaba yake.

"Yalikuwa machafu, Mzee," nikasema.

"Baba aliyaweka kwa mkono wake, mwaka mzima. Yalikuwa yanakula mwangwi. Ninyi mmelipaka ghala langu sabuni." Alimwita Mama Kulwa asimame jukwaani aseme lolote. Mama Kulwa akashika maiki na kusema, "Mwangaluka, mhola?" ambayo ni salamu ya asubuhi ambayo kila mtoto wa Shinyanga anaijua akiwa mgongoni, na kilichofika mstari wa nyuma kilikuwa kama kundi la ng'ombe likivuka daraja la mbao. Mzee Jamal hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kumshika. Alikohoa. "Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, nitakuja kuketi nyuma. Nisiposikia, Jumamosi naleta magodoro." Alipotoka, Masanja alisema kwa sauti ndogo kwamba magodoro kwa kweli yangeondoa mwangwi wote. Ilikuwa kweli. Hatukumwongelesha mpaka jioni.

Nilikwenda kwa mfyatua matofali siku hiyo hiyo. Alinionyesha majivu, akaniuliza kama nayataka. Nikahesabu tulichonacho: siku tisa, hela imeishia kwenye saruji, kuta tatu, thelathini na wanane wenye mikono. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuuza nguo sikuwa na cha kumpa mtu. Nilimkuta Mama Kulwa ameketi kwenye ngazi za ukumbi, maiki imefungwa kwenye kitambaa mapajani, nikamwambia yote, na kwamba ni mimi niliyeyauza. "Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "uliuza kwa bei nzuri?" Nikasema matofali mia sita. Akafikiri. "Si mbaya. Sasa, kwetu Masumbwe kuna mialo. Umewahi kuona mwalo?" Sikuwahi. Akanieleza: wachimbaji wanasaga mawe, wanapitisha tope lake na maji juu ya ubao ulioinama, na juu ya ubao wametandika mablanketi, kwa kuwa dhahabu ni nzito na manyoya ya blanketi huishika. Blanketi likichakaa hutupwa pembeni. "Mazito kama mwanakondoo," alisema. "Nikiwa mdogo tulikuwa tunajificha humo chini, mama anaita mpaka anachoka. Hatumsikii gete, hata kidogo."

Alhamisi alfajiri tulipanda Fuso lililokuwa linarudi tupu, watu kumi na wawili, na mchana tulikuwa mwaloni. Mwenye mwalo aliitwa Baba Limi, mwembamba, kofia ya sufu juani, na rundo la mablanketi makuukuu nyuma ya kibanda chake lilikuwa kubwa kuliko kibanda. Kabla ya salamu kwisha nilikuwa nimeshamwuliza mara mbili kama yamegusa zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu. Alinihakikishia mara mbili kwamba zebaki inatumika kule kwingine, kwenye karai, na mlinzi wake akasema hivyo hivyo bila kuulizwa, basi nikaamini.

"Siuzi," alisema Baba Limi. "Nayachoma. Majivu yake yana dhahabu."

"Unayachomea wapi?"

"Hapo ulipo."

"Na upepo huu?"

"Upepo una nini?"

"Baba Limi, nimesimama hapa dakika kumi na kofia yako imeanguka mara mbili kuelekea Bukombe. Nusu ya dhahabu yako ipo Bukombe. Wanakusalimu."

Wachimbaji waliokuwa karibu wakacheka. Alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu, si kwa hasira, kwa heshima. Nikampa bei yangu: tutayafua yote, hapo hapo, kwenye tangi lake, kila blanketi mara mbili, mbele ya macho yake. Tope na maji yote ni yake, ayapitishe mwaloni upya. Sisi tunachukua manyoya matupu. Akasema blanketi halifuliki likaisha dhahabu yote. Nikasema ndiyo maana nimesema mara mbili. Akasema tutapekuliwa tukiondoka, mpaka kucha. Nikanyoosha vidole vyote kumi, ahesabu kabisa wakati bado ni safi. Akahesabu rundo, akapata sitini na moja. Nikahesabu, sitini na matatu. Tukarudia wote wawili, akakubali yangu.

Tulifua siku nne. Blanketi lililolowa tope lina uzito wa mtu anayekataa kuamka. Siku ya pili mikono ilikuwa imechubuka, na mmoja wetu akasema waziwazi kwamba anarudi nyumbani, magodoro na yaje. Ndipo Mama Kulwa, amejikunja kwenye tangi kama sisi, akaanza kusimulia filamu. Hapakuwa na filamu. Alitazama tope, akatoa sauti ya mume, sauti ya mke, sauti ya mama mkwe aliyekuja siku tatu akakaa miezi mitatu. Yule wa kuondoka akabaki ili ajue mama mkwe ataondokaje. Upande wa pili wa mwalo wachimbaji waliacha makoleo yao, na Baba Limi, badala ya kuwafokea, akaja akaketi juu ya ndoo. Jioni ya mwisho alimwuliza kama atasimulia tena kesho. "Kesho tunaondoka," akasema Mama Kulwa. Baba Limi akaingia kibandani mwake, akatoka na blanketi ambalo bado alikuwa analalia, akaliweka juu ya mzigo. Sikuliweka kwenye hesabu. Lile lilikuwa zawadi ya Baba Limi. Leo nikisikia mtu anataja wahisani, huyo ndiye mhisani pekee ninayemkumbuka, na hakuwa na suti.

Jumatano tulianza kupigilia. Masanja alipiga marufuku ngoma. "Leo atakayemaliza kwanza atapika wiki nzima," alisema, na sijawahi kuona Wasukuma wakifanya kazi polepole namna ile, wakisubiriana kwa adabu, tafadhali tangulia, hapana wewe. Tulipigilia fito, tukaning'iniza mablanketi yakiwa na mikunjo, tukajaza nyuma yake masazo ya pamba tuliyoyaomba kiwandani. Kila mablanketi kumi nilipiga kofi. La kwanza lilijibiwa mara tatu. Kisha mara mbili. Alhamisi jioni lilijibiwa mara moja, kwa kusitasita, na tulibakiwa na blanketi moja, lile la Baba Limi, tukalipigilia nalo. Lipu yote nzuri ya mwashi wetu ikafunikwa. Alisimama akaitazama ikipotea, akasema tu kwamba makaburini walau kazi yake huonekana.

Ijumaa saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Viti mia mbili na sita, na waliosimama sikuwahesabu. Mzee Jamal alikuja na kanzu ya swala, akapita moja kwa moja mstari wa nyuma, nami nikaketi kando yake. Kando yake upande wa pili aliketi muuza magodoro, ambaye nilimkatia tiketi kwa bei ya kawaida. Filamu ilikuwa ya Kihindi, ya bwana mmoja mwenye mashamba, na mjane, na farasi mweupe. Nilikuwa nimeshika kingo za kiti. Mama Kulwa alianza kwa sauti ya chini kuliko nilivyozoea, na neno la kwanza lilikuja mpaka nyuma, likaketi. Sikuweza kujua kama ni masikio yangu au ni matumaini yangu, kwa kuwa mimi sauti ile naijua hata usingizini. Nilimtazama Mzee Jamal. Alikuwa amekunja mikono, uso kama mlango wa duka siku ya Idi. Saa nzima hakucheka, hakuinama, hakusema kitu. Watu walicheka, yeye alitazama mbele. Muuza magodoro alicheka mpaka akafuta macho, lakini hakuwa yeye mwenye ukumbi.

Ndipo yule bwana wa mashamba akafika mlangoni kwa mjane, juu ya farasi wake, akafungua kinywa. Mama Kulwa akamwacha anyamaze kidogo, kisha akampa Kiswahili cha dukani, taratibu, cha mtu anayepima khanga huku akisema. "Nyumba nimekupa, bibi. Lakini Jumatano nitakuja kupiga makofi. Yakinijibu, nampa muuza magodoro." Na mwishoni akakohoa kidogo.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, kisha ukakumbuka nani ameketi nyuma. Vichwa mia mbili vikageuka, vikarudi mbele haraka. Mzee Jamal aliinama kwangu.

"Milembe."

"Abee, Mzee."

"Sikusema Jumatano."

"Samahani, Mzee?"

"Nilisema Ijumaa. Na sikukohoa."

"Umesikia mpaka kikohozi?"

Alinitazama. Mtu aliyekaa nyuma ya meza ya duka miaka arobaini anajua mizani inapolala. Mbele yetu mjane alikuwa ameshaanza kumjibu mwenye farasi, na Mzee Jamal akaninyooshea kidole ninyamaze kwanza, asikie anavyojibiwa. Alipomaliza kusikiliza, mabega yake yakatikisika mara moja, mara mbili.

"Kesho saa mbili," akasema. "Njoo na kalamu. Yangu haiandiki."

Nilikwenda nazo mbili.